Majimaji ya mwaka 1950

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kusambaza kwamba nimeolewa. Sijaolewa jamani. Nilikuwa fildi, nimerudi kampasi wiki iliyopita, na kila ninayekutana naye kafeteria ananiuliza: "Eti siku hizi unaandikia programu gani? Word imekukosea nini?" Word haijanikosea kitu. Niliyekosea ni mimi, na leo nalitoa moyoni.

Basi bwana, nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Morogoro, nikapewa Historia kidato cha tatu, mikondo miwili. Wiki ya tano Madam wa taaluma akaniambia, "Mwanangu, tunga jaribio la katikati ya muhula, likiwa tayari niletee nilipitie." Nilifurahi mno. Jaribio langu la kwanza!

Wakati ule kompyuta sikuwa nayo. Tangu mwaka wa kwanza maisha yangu yalikuwa kuazima kwa rumeti, flashi shingoni, na steshenari. Nikaenda steshenari ya pale stendi jioni, nikachapa mwenyewe maswali na majibu yake, vyote kwenye faili moja. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, nikasevu palepale kwenye mashine yao, jina "mtihani final". Nikaprinti, nikalipa, nikaondoka zangu. Usiku nikagundua kwenye majibu nimeandika Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1950 badala ya 1905. Vidole tu viliteleza. Nikakata kwa kalamu, nikasahihisha, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Siku ya kusahihisha, karatasi ya nne mtoto kaandika 1950. Nikacheka. Ya tisa, 1950. Nikatabasamu. Kufika ya ishirini nikawa sicheki tena. Mpaka namaliza, watoto 11 walikuwa wamepigana vita vya Majimaji mwaka 1950, wakati Wajerumani wenyewe walishaondoka zamani na nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza! Lile halikuwa kosa lao. Lilikuwa kosa langu mimi, la steshenari, na limewafikia na alama zake zote.

Yule kaka wa steshenari simlaumu. Ile mashine inaguswa na kila mtu, na wanafunzi wenyewe huenda pale kuchukua nyimbo na muvi. Niliyeacha mtihani mezani nikaondoka ni mimi.

Nikampelekea Madam karatasi huku natetemeka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mtihani ukishautunga si wako tena mwanangu, ni wa watoto. Katunge mwingine." Nikautunga kwa mkono, nikaenda kuwatangazia darasani kwamba wote wanarudia. Kipindi kilipoisha, binti mmoja wa dawati la dirishani akanifuata nje. Alikuwa amepata 74, na kwake aliandika 1905. Akaniuliza taratibu, "Madam, mimi nilisoma. Na mimi narudia?"

Sikuwa na jibu. Alirudia, akapata 61. Hizo alama 13 bado ninazo mimi mpaka leo.

Sasa, niliporudi na bumu likatoka, nikanunua kompyuta ya mtumba. Fundi akataka kuniwekea Word ya kuvunja, "ya bure dada". Nikakataa. Programu za wizi mara nyingi zinakuja na virusi ndani yake, halafu kesho nisimame mbele ya darasa kukemea wanaoibia mtihani? Nikachagua LibreOffice. Ni bure kihalali, inafanya kazi bila bando, na inafungua faili za Word. Ilitoka kwenye OpenOffice mwaka 2010, na ukoo huo si mgeni hapa kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice inayoongea Kiswahili. Shida yake ni kwamba faili ikihamia kwenye Word, jedwali linaweza kuhama. Kwa hiyo kazi ya kuprinti naigeuza PDF kwanza, haisogei hata nukta.

Wewe mwenye Word halali endelea nayo, hutapungukiwa. Google Docs nayo ni nzuri kwa kazi za kikundi, inajisevu yenyewe na inatunza matoleo ya nyuma, ila bando likikata katikati ya kazi utanikumbuka. Lakini wadau, ningekuwa na programu ya bei ghali kuliko zote siku ile pale stendi, majibu yangevuja vilevile. Ndiyo maana kilichobadilika zaidi kwangu ni tabia:

1. Mtihani na alama za wanafunzi siandikii kwenye mashine ya watu. Napeleka PDF kwa flashi, inaprintiwa nikiwa nimesimama pale, na hakuna kukopi kwenye mashine yao. Maswali yana faili lake, majibu yana lake, na majibu hayatoki kwangu.

2. Naweka neno la siri. Ukisevu kwa "Save As" kwenye LibreOffice kuna kisanduku chake. Ila ukilisahau ndio imetoka hiyo.

3. Nakala tatu: kompyuta, flashi, na Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure. Flashi peke yake usiiamini, wote tumeshaona faili zikigeuka shortcut.

4. Jina la faili linaanza na tarehe, mwaka kwanza, ndipo mwezi na siku. Zinajipanga zenyewe. Ile "final final mpya kabisa" nimeizika.

5. Ctrl+S kila nikimaliza aya. Programu inajihifadhia yenyewe, ndiyo, lakini kwa kawaida ni kila dakika 10, na umeme hausubiri dakika 10.

6. Mtihani haupiti WhatsApp. Kidole kikiteleza kidogo tu uko kwenye grupu la darasa, na vidole vyangu mnavijua.

Rumeti wangu anasema nimekuwa kama mhasibu wa benki. Sawa tu. Kuna mtoto Morogoro alisoma usiku kwa uaminifu, akarudia mtihani kwa sababu madam wake alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Ninyi mnaokwenda fildi mwakani, msisubiri wenu awaulize.

Haya, ngoja niwahi foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha. Tuko pamoja!