Ada ya Mlangoni

Hapa Marekani yapo maduka ya jumla yanayowauzia wanachama pekee. Tangu Septemba 2024, Costco hutoza dola 65 kwa mwaka kwa uanachama wa kawaida. Je, ada hiyo hurudi?

Nyumbani kwetu tuliketi mezani na risiti zetu. Mchele, mafuta na sabuni vilituletea nafuu ya kweli. Haviozi upesi, na haba na haba hujaza kibaba. Yatosha kuokoa dola tano na nusu kila mwezi, ada imerudi. Lakini mboga na matunda tuliyoyanunua kwa wingi, sehemu yake tuliitupa jalalani, huku tukijisifu kwamba tumebana matumizi.

Uanachama wa juu, wa dola 130, hurudisha asilimia 2 ya manunuzi mengi; nyongeza yake hujilipa kwa anayenunua vya dola 3,250 kwa mwaka. Sisi hatufiki huko.

Tumebaki na kadi ya kawaida. Ada hairudishwi na kilichojaza kigari, bali na kilichotumika. Tujiulize basi kabla ya kuingia: twanunua kwa kuwa twahitaji, au kwa kuwa tumekwisha kulipa mlangoni?