Baiskeli kuukuu na upepo wa Kona

IKIWA una baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1980 iliyotundikwa stoo, ile yenye fremu nyembamba ya chuma na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, usiiuze bado. Twende kwanza Hawaii ukaone ni barabara ya aina gani inayompima mwendeshaji.

Visiwa hivyo vya Marekani vimo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mnamo Februari 1978, katika kisiwa cha Oahu, ndipo yalipoanza mashindano ya Ironman: kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42. Watu 15 walianza, 12 wakamaliza, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11 na dakika 46. Mwaka 1981 mashindano yakahamishiwa Kona, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote.

Ukitoka Kona kuelekea kaskazini utaifuata barabara kuu ya Queen Kaahumanu. Kushoto kwako ni bahari. Kulia ni milima. Pande zote mawe meusi ya volkano yametandazwa, na kivuli ni adimu. Jua likishayachoma mawe hayo, joto hukurudia kutoka chini. Ukikaribia Hawi, mahali pa kugeukia, upepo hukupiga ubavuni hata baiskeli ikayumba. Safari yote ni ndefu kuliko Nairobi hadi Nakuru, wala huruhusiwi kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzako. Kila mtu na upepo wake.

Elewa basi kwamba ukienda kasi, adui yako mkuu ni hewa, na kinachogongana nayo zaidi ni mwili wako, si baiskeli. Ndiyo maana mwaka 1987 Boone Lennon, Mmarekani aliyekuwa kocha wa mchezo wa kuteleza thelujini, alileta vyuma vya kufunga juu ya usukani ili mwendeshaji aegemeze viwiko na kuinama. Wanatraiathloni walivipokea mapema. Mwaka 1989 Greg LeMond alivitumia siku ya mwisho ya Tour de France, kutoka Versailles hadi Paris. Alianza siku hiyo akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akatwaa ubingwa kwa sekunde 8.

Je, yako utaigeuzaje? Kwanza fundi aikague fremu kama ina nyufa au kutu iliyokula ndani, kisha abadilishe raba za breki, nyaya na tairi. Unapokwenda kununua vyuma vya viwiko, nenda na baiskeli yenyewe, maana usukani wa zamani una unene wa kama milimita 26 katikati, ilhali wa siku hizi aghalabu ni 31.8. Vyuma visivyoshika barabara vitakuangusha.

Halafu sogeza kiti mbele na ukipandishe kidogo. Ukiinama bila kufanya hivyo, mapaja yatabanana na tumbo, na utakaposhuka kwenda kukimbia, miguu itagoma. Ikiwa gea zako hubadilishwa kwenye fremu, chagua gea kabla ya kilima, kwani itakubidi uachie mkono mmoja.

La muhimu zaidi ni hili: ukiegemea viwiko, mikono iko mbali na breki. Penye magari, mteremko au wenzako karibu, rudi kwenye breki. Jizoeze kwanza mahali pasipo na watu.

Kwa miaka mingi waandaaji wa Kona walikataza magurudumu yaliyozibwa kama sinia, yawe ya bei gani, kwa kuhofia upepo wa ubavuni. Hata huko kwa mabingwa, baiskeli ilitakiwa kwanza imtii mwenyewe, ndipo ikimbie. Hilo baiskeli yako kuukuu inaliweza.