Pikipiki ya Kwanza: Kutoka Gitega hadi Muyinga

Mji wa Gitega umekaa juu ya uwanda wa kati wa Burundi, mahali palipo kadiri ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliuanzisha kuwa kituo cha utawala mwaka 1912, jumba la makumbusho la taifa likafunguliwa hapo mwaka 1955, na mwanzoni mwa mwaka 2019 bunge likaidhinisha mji huo uwe makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikabaki na biashara. Mtumishi anayehamia huko hutambua upesi kwamba nchi ile haina tambarare. Aendaye sokoni hushuka, arudiye na kikapu hupanda, na baiskeli, ambayo ni msaada mkubwa kwa mkulima anayeshuka na ndizi zake, humchosha mtu anayetakiwa kufika kazini akiwa na sare safi. Hapo ndipo mawazo ya pikipiki yanapoanza. Wenyeji huiita kwa Kifaransa moto, neno ambalo Mswahili wa pwani akilisikia kwa mara ya kwanza hutafuta maji ya kuzimia.

Chukua mfano wa askari kijana mwenye mke na mtoto mmoja, aliyeko Gitega na kupangiwa kazi Muyinga. Hajapata kuendesha chombo kingine ila baiskeli. Akiba yake haitoshi kununulia pikipiki mpya, nayo si yake peke yake: mkewe ameihesabu mara nyingi, na katika hesabu zake zimo sare za shule na bati za jiko. Fedha hizo zikiangukia kwenye chuma kibovu, hakuna nyingine za kuzifuata. Kwa hiyo si ajabu mama wa nyumba akitaka kujua mapema ni pikipiki gani, ya nani, na kwa nini inauzwa.

Pikipiki zinazoonekana zaidi katika miji hiyo miwili ni zile za Kihindi, Bajaj Boxer na TVS, zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150. Hazina fahari kubwa, lakini vipuri vyake hupatikana hata katika kiduka cha kandokando ya barabara, na hakuna fundi asiyezijua. Zipo pia Yamaha AG 100, zilizobuniwa kwa kazi za mashamba, zenye mnyororo uliofunikwa usiingie vumbi na tope, na vichukuzi vya mizigo vya chuma. Hizo zimetumika sana katika miradi ya kilimo na mashirika ya misaada, na mradi ukiisha huweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Tatu ni zile ndefu za milimani, kama Yamaha DT 125, ambazo vijana huzipenda kwa umbo. Mwanafunzi asiyefikisha nyayo zote mbili chini akiwa juu ya kiti aachane nazo. Pikipiki husimama mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, na anayeanza huanguka zaidi akiwa amesimama mlimani kuliko akiwa mwendoni.

Kuhusu AG 100 yafaa jambo moja lieleweke. Injini yake ni ya mipigo miwili. Oili huteketea pamoja na petroli, inakunywa mafuta zaidi, na mtu akiachia petroli kwenye mteremko injini hiyo humshika kidogo tu. Injini ya mipigo minne, kama ya Boxer au TVS, humzuia vizuri zaidi akiwa katika gia ndogo, na breki zikapumzika. Katika nchi ya miteremko mirefu, sababu hiyo peke yake yatosha kumwelekeza mwanafunzi kwenye mipigo minne.

Siku ya kukagua, mnunuzi afike asubuhi bila kumpa muuzaji nafasi ya kujitayarisha, na jambo la kwanza aweke kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, basi imekwisha kuwashwa kabla yake, na huenda kuna sababu. Injini nzima huwaka ikiwa baridi kwa kiki mbili tatu. Ikishawaka, atazame moshi. Moshi wa rangi ya samawati katika pikipiki ya mipigo minne maana yake oili inapenya mahali pa kuungulia, na gharama ya kufungua injini itakuwa juu ya mnunuzi. (Katika ile ya mipigo miwili moshi kidogo ni desturi yake.) Kisha asikilize: mlio mkavu wa kugongagonga chini ya injini si wa kupuuzwa hata muuzaji akiapa.

Gurudumu la mbele liinuliwe, usukani ugeuzwe polepole kushoto na kulia. Ukikwama katikati, gololi za shingo zimekwisha. Gurudumu la nyuma lisukumwe ubavuni, likicheza, misumari ya uma imelika. Mnyororo uvutwe kwa nyuma kutoka kwenye meno yake. Ukiachana nayo hata meno yakaonekana, umekwisha, na meno yamekwisha nao, maana vitu hivyo hubadilishwa pamoja. Kifuniko cha tangi kifunguliwe na tochi imulikwe ndani. Kutu iliyomo humwagikia kabureta, na ugonjwa huo hurudi kila wiki.

Kilichofichwa kuliko vyote ni umri wa kazi. Saa ya kilomita ni rahisi kukatwa waya wake, na pikipiki iliyobeba abiria kwa malipo hupita katika mwaka mmoja njia ambayo mwalimu wa shule angeipita kwa miaka mingi. Usoni hupakwa rangi, lakini mpira wa kukanyagia wa abiria uliolainika kama sabuni, na chuma cha gia kilichong'arishwa na kiatu, hueleza ukweli. Kuijaribu barabarani si kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Amwombe mwenzake wa kikosi aliyezoea, naye asimame kando aangalie kama gurudumu la nyuma linafuata la mbele katika mstari mmoja. Lisipofuata, fremu imepinda kwa ajali.

Baada ya chuma huja karatasi. Namba ya fremu na ya injini zilinganishwe, tarakimu kwa tarakimu, na kadi ya umiliki, na uhamisho wa jina ufanywe katika Ofisi ya Mapato kabla fedha yote haijatoka mkononi. Askari hana udhuru katika hili. Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, ng'ambo yake Kabanga, wilaya ya Ngara nchini Tanzania, na pikipiki ambayo bei yake ni ndogo mno huenda ilivuka bila kulipiwa ushuru. Polisi anayekamatwa juu ya chombo cha namna hiyo hupoteza zaidi ya chombo.

Njia yenyewe ya kwenda Muyinga, kadiri ya kilomita 100, hupita Karuzi, katika nchi inayomwagiliwa na mto Ruvubu, ambao maji yake huingia Kagera na mwishowe Nile. Ni safari nzuri kwa anayepakiwa. Kwa mwanafunzi ni mtihani, maana kila kona huficha mbuzi, watoto watokao shule, au baiskeli yenye shehena ya ndizi inayoteremka kasi na breki zake hazijulikani. Aishi wiki kadhaa akijifunza Gitega kwanza, asubuhi mapema, bila abiria. Mvua za kwanza baada ya kiangazi cha Juni hadi Septemba zikinyesha, vumbi jekundu la barabara za udongo hugeuka utelezi. Mke na mtoto wasafiri kwa basi. Fedha ya kofia ngumu mbili itengwe kabla ya bei ya pikipiki kukubaliwa, kwa kuwa ikingoja baadaye haipatikani.

Muyinga ni mji wa kahawa na wa wafanyabiashara, wenye Waislamu wengi, na Kiswahili husikika sokoni bila kutafutwa. Mgawanyo wa mikoa uliotekelezwa mwaka 2025 umeuweka katika mkoa wa Buhumuza. Tabu kubwa ya mwenye pikipiki huko, kama kwingineko Burundi katika miaka ya karibuni, ni petroli. Foleni huwa ndefu, na ile inayouzwa kwa chupa haijulikani imechanganywa na nini. Hapo ndipo injini ndogo, inayokwenda kilomita 40 au zaidi kwa lita, inapolipa fadhila. Mafuta ya chupa yachujwe kwa kitambaa safi, na oili ya injini ibadilishwe mara baada ya kununua, kwa kuwa hakuna anayejua muuzaji aliibadilisha lini.

Atakayepata ruhusa ya kuvuka Kobero siku ya mapumziko akumbuke kwamba Burundi magari hupita kulia na Tanzania hupita kushoto. Mlangoni kwa mpaka kila mtu hukumbuka. Husahauliwa baada ya chai, anapowasha tena na barabara haina gari.