Jina Chini ya Makala

Baba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, na gazeti lake lilikuwa Mfanyakazi, la jumuiya ya wafanyakazi. Wakati ule wa chama kimoja, mwandishi mkali aliandika kwa mafumbo. Aliyetafuna fedha za shirika la umma aliandikwa "kigogo mmoja", nasi tukakesha kubahatisha ni nani. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimruhusu waziri kulifunga gazeti, kwa hiyo fumbo lilikuwa ngao.

Vyama vingi vikarudi 1992, na mwaka uliofuata likaja gazeti la Rai. Pale kijiweni kwetu Keko nakala moja ilizunguka mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Safu ya mwandishi wake, Jenerali Ulimwengu, haikuwa na matusi. Kilichotushtua ni kwamba mkubwa alitajwa, hoja ikapangwa, kisha mwandishi naye akaweka jina lake. Ubishi ulikuwa na mtu wa kubishana naye.

Jina hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge, si raia. Januari 2008 Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi alivamiwa ofisini, akamwagiwa kemikali usoni. Sheria ya 1976 ilifutwa mwaka 2016, ila mpya ikaja na leseni ya kila mwaka. MwanaHalisi likafungiwa miezi 24 mwaka 2017. Gazeti la Tanzania Daima likanyang'anywa leseni 2020. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la chama tawala, lilisimamishwa siku 14 kwa habari kuhusu Rais na uchaguzi wa 2025. Kijiwe kilicheka siku hiyo, cheko la uchungu.

Februari 2022 magazeti yaliyofungwa yalirudishiwa leseni. Lakini kijiwe kilikuwa kimeshahamia kwenye simu. Maneno makali yapo, tena makali kuliko ya Rai: ya Katiba, ya mishahara, ya mikataba ya bandari. Yanakuja yamesambazwa mara nyingi, bila mwenyewe. Ukiuliza nani kaandika, unajibiwa, "Nimetumiwa tu, kaka." Magazetini nako habari nzito husainiwa "Mwandishi Wetu".

Simlaumu anayejificha, ana watoto wa kulisha. Ila mkubwa akisemwa na asiye na jina, hana haja ya kujibu hoja. Anasema ni uzushi, mchana anakula chakula chake vizuri.