Stesheni ya Sigi na nyumba ya bibi



Sisi ndugu watatu, mafundi cherehani, huvuka na boti hadi Tanga kufuata machungwa ya Muheza. Safari ya mwezi uliopita tuliongeza siku moja, tukapanda Amani kutafuta iliki. Njiani, pale Sigi, ipo nyumba ambayo tungependa kila mwenye nyumba ya urithi aione.

Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, enzi za Wajerumani. Baadaye likajengwa tawi jembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, kilomita 23 hivi, likakamilika mwaka 1910. Kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo ya misitu ya Usambara Mashariki. Leo reli hiyo haipo, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ipo. Haikuvunjwa. Ilikarabatiwa, na Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inapokelea wageni hapo. Treni ya kubeba miti imeondoka, na nyumba yake sasa inafundisha watu kuilinda.

Tuliguswa kwa sababu nasi tuna ya kwetu. Nyumba ya bibi mzaa mama, ya mawe na chokaa, dari ya boriti, imefungwa tangu alipofariki. Wajomba wanataka ivunjwe, kiwanja kiuzwe, watu wagawane. Hatuwalaumu, kuna ada za skuli na matibabu.

Tuliporudi tulimwita fundi wa nyumba za kale. Akasema paa kwanza, maana boriti huoza maji yakipita. Kuta zipigwe chokaa, si saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukabanduka. Tulimwelewa upesi. Nani hutia kiraka cha turubai kwenye shifoni?

Tumewaomba wajomba mwaka mmoja. Cherehani zetu nne zihamie humo, tulipe kodi kila mwezi, igawiwe kwa hisa za mirathi. Wawili wamekubali. Wa tatu anasema mapenzi ya nyumba hayalipi ada. Ana haki yake, na bila ridhaa yake hatugusi hata kufuli.

Dada, kabla hujaita tingatinga, ita fundi. Piga hesabu mbili, ya kuvunja na ya kutengeneza, uziweke mbele ya warithi wote. Nyumba ikipata kazi, hujilipia matengenezo yake.

Na ukifika Muheza, panda mpaka Sigi. Vaa viatu vya kufunga, kuna matope.