Kujizuia, Kumsubiri na Kumrudishia: Tafakuri juu ya Tofauti za Umri katika Manga za Mapenzi

Kurasa hizi hazikusudii kuwa uhakiki wa fasihi ya Kijapani, uwanja ambao sina haki ya kujiita mjuzi wake. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili, na yumkini ningestaafu bila kufungua hata manga moja, lau si mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeniletea pendekezo la utafiti juu ya maneno ya kuitana katika manga za mapenzi. Manga, kwa msomaji asiyezijua, ni hadithi za michoro za Kijapani, husomwa kuanzia kulia, na aghalabu hutoka kwanza kwa mfululizo katika majarida, kila jarida likilenga jinsia na rika fulani la wasomaji. Nilimwambia binti yule, kwa kebehi ambayo leo inanitia haya, kwamba idara haijaishiwa na mada kiasi hicho. Hakubishana nami. Alisema tu, "Sawa, Mwalimu, lakini ungesoma kwanza," akaniachia vitabu kumi mezani.

Vitabu hivyo vilikuwa Koi wa Ameagari no You ni, jina linaloweza kufasiriwa kuwa "Mapenzi ni kama baada ya mvua", kazi ya Jun Mayuzuki iliyotoka kati ya 2014 na 2018 na kupata Tuzo ya 63 ya Manga ya Shogakukan. Akira Tachibana ana miaka 17. Alikuwa mkimbiaji hodari wa shule yake hadi alipoumia ukano wa kisigino. Sasa anafanya kazi ya muda katika mkahawa wa familia, na amempenda meneja wake, Masami Kondo, mwanamume wa miaka 45 aliyeachana na mkewe, mwenye mtoto mdogo wa kiume, na ambaye ujanani alitamani kuwa mwandishi wa riwaya. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilidhani nimekwisha kuujua mwisho: ama mzee atamchukua binti na msomaji ataombwa afurahi, ama ataadhibiwa na msomaji ataombwa apate funzo.

Sivyo ilivyokuwa. Binti anapomwambia kwamba anampenda, Kondo kwanza haelewi, kisha anaogopa. Anawaza watu watamwonaje, na mwandishi hamfichi aibu hiyo. Lakini hamfukuzi kazi, wala hamnyamazii. Wanazungumza juu ya vitabu, na juu ya mbayuwayu asiyeondoka na wenzake msimu wa kuhama unapofika. Mara moja, siku ya tufani, Kondo anamkumbatia, na wahakiki wakali wanaweza kuona hapo kwamba mpaka umevukwa. Mimi pia niliona hivyo, na bado naona hivyo kwa kiasi. Hata hivyo, jambo linalofuata ndilo lililonifanya nivisome vitabu vyote. Kadiri hadithi inavyosonga, Kondo anamtazama Akira na kuona kitu ambacho Akira mwenyewe amekizika: kwamba upendo huu umeota mahali ambapo mbio zilikatika, na kwamba urafiki wake na Haruka, mwenzake wa riadha, umepoa kwa sababu hiyohiyo. Juhudi zake zinaelekea huko. Mwishowe Akira anarudi uwanjani, naye Kondo anaurudia uandishi wake.

Mwanafunzi wangu alinionyesha jambo ambalo jicho langu lisingeliona katika tafsiri ya Kiingereza niliyokuwa nikiisoma. Akira humwita Kondo "tenchō", yaani meneja wa duka au mkahawa. Kondo humwita "Tachibana-san": jina la ukoo pamoja na kile kiambishi cha heshima ambacho Wajapani huwapa watu wazima wasio jamaa zao. Hapunguzi umbali huo kwa kumwita kwa jina lake la kwanza, wala hamwiti kama mtoto. Nilijaribu kuliweka jambo hili katika Kiswahili na nikashindwa. Mtu wa makamo kwetu angesema "binti" au "mwanangu". Lugha yetu hujenga ua kwa matofali ya ujamaa: nikikuita mwanangu, nimejifunga kukutendea kama mzazi. Ua huo ni mzuri, ila una mlango wa nyuma. Sote tunawajua wazee waliosema "mwanangu" huku nia yao ikiwa kwingine, na neno likawa ndilo ngazi yao. "Tachibana-san" haidai ujamaa wowote. Inasema tu kwamba aliye mbele yangu ni mtu kamili, na kwamba si wangu.

Nilimweleza mwanafunzi kwamba nimeridhika, na kwamba manga za Kijapani zinajua maadili ya kujizuia. Alicheka, kwa adabu, akaniletea Usagi Drop ya Yumi Unita, iliyotoka kati ya 2005 na 2011 katika jarida la wanawake liitwalo Feel Young. Daikichi, mwanamume kapera wa miaka 30, anamchukua na kumlea Rin, mtoto wa miaka 6 anayeaminiwa kuwa binti wa nje ya ndoa wa babu yake marehemu. Nusu ya kwanza ni miongoni mwa maelezo mazuri kabisa ya malezi niliyopata kuyasoma: foleni za kutafuta shule ya chekechea, homa za usiku, mwanamume anayeomba kubadilishiwa idara kazini ili awahi kumchukua mtoto. Kisha hadithi inaruka miaka kumi. Rin, aliye sekondari, anampenda mlezi wake. Inabainika kwamba hawana uhusiano wa damu. Daikichi anamtaka angoje mpaka amalize shule, na baada ya hapo wanakubaliana kuishi pamoja kama mume na mke.

Wasomaji wengi walikasirika, nami ni mmoja wao, lakini hasira si hoja. Je, Daikichi hakujizuia? Alijizuia. Hakumgusa. Alingoja. Kwa kipimo cha sheria na cha kalenda hana kosa. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba jibu lilikuwa katika fani yangu mwenyewe, nami nilikuwa nikilitafuta katika falsafa.

Tutazame kitenzi "kujizuia". Kiambishi cha kujirejea -ji- kinamfanya mtenda kuwa ndiye mtendwa. Ni kitenzi cha mtu mmoja. Anayejizuia anapigana na nafsi yake, anaishinda nafsi yake, na akipenda anaisifu nafsi yake. Mtu wa pili hayumo ndani ya neno. Tukisema "kumsubiri", mtu wa pili ameingia kwa kiambishi -m-, lakini ameingia kama kitu kinachokuja, kama basi. Umri wake ni muda wa safari tu. Hiki ndicho kitenzi cha Daikichi, na ndiyo sababu subira yake, ambayo mahali pengine tungeiita fadhila, inarudi nyuma na kuitia doa hata ile miaka ya homa na chekechea. Kondo anahitaji kitenzi kingine, nami naona "kumrudishia" kinamfaa. Kauli ya kutendea haitosheki na yambwa moja. Kumrudishia nini? Sentensi haikamiliki mpaka utaje kitu, na huwezi kukitaja kitu hicho usipomjua yule mtu: alikuwa na nini, kilimpotea lini, kiko wapi sasa. Mtu anaweza kujizuia kikamilifu mbele ya binti asiyemjua hata jina. Kumrudishia hakuwezekani bila kumjua.

Zipo kazi nyingine zinazostahili kutajwa, japo kwa haraka. Katika Hirunaka no Ryuusei ya Mika Yamamori (2011–2014), mwalimu Shishio anampenda mwanafunzi wake Suzume na kumwonyesha hivyo, kisha anajitoa. Anamwachia jeraha, na mwandishi, kwa uamuzi nilioupenda, mwishoni hamrudishi binti kwake bali anampa kijana wa darasa lake. Katika Maison Ikkoku ya Rumiko Takahashi (1980–1987), Godai anakwenda mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi anamganda, naye hamkubalii. Wakati huohuo, Kyoko, mwanamke anayempenda, ni mjane wa mtu aliyekuwa mwalimu wake. Sisi tunaokwenda kila mwaka kuwakagua walimu wanafunzi huko mashuleni tungefaidika na sura hizo kuliko na miongozo mingi.

Sheria za Japani zimebadilika tangu kazi hizi zichorwe. Tarehe 1 Aprili 2022 umri wa utu uzima ulishushwa kutoka miaka 20 hadi 18, na siku hiyohiyo umri wa msichana kuolewa ukapandishwa kutoka 16 hadi 18. Mwaka 2023 umri wa ridhaa ulipandishwa kutoka 13 hadi 16, ingawa kanuni za majimbo zilikuwa tayari zikiwalinda walio chini ya miaka 18. Ni mabadiliko ya lazima, na siyabezi hata chembe. Lakini sheria husema kwa lugha ya kalenda, na mbele ya kalenda Daikichi na Kondo wako sawa. Aidha, kuna mahali ambapo kalenda haisemi kitu, ambapo wote wawili ni watu wazima na mmoja ndiye anayesahihisha karatasi za mwenzake.

Hapo ndipo ninapaswa kueleza kwa nini vitabu vile vilininyima usingizi. Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 33, mhadhiri mpya mwenye shahada ya uzamivu ambayo wino wake haujakauka. Ndani ya daftari la zoezi la fonolojia nilikuta barua iliyokunjwa mara nne. Haikuwa na neno lolote la kukosa adabu. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote wa mwaka ule. Kwa hiari yake alikuwa ameanza kukusanya data ya toni za lugha ya kwao, na aliniletea kurasa za kwanza kwa woga kama mtu anayeleta yai. Niliisoma barua, nikaikunja kama ilivyokuwa, nikairudisha ndani ya daftari. Sikumwambia mkuu wa idara, wala mwanafunzi mwenyewe. Kuanzia siku ile, nikifundisha, sikuutazama upande wa ukumbi alikokuwa akiketi. Aliponisalimu koridoni niliitikia "marahaba" bila kusimama. Muhula uliofuata alihamia fasihi. Zile kurasa za toni sikuzisikia tena.

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano kisa hiki nilikihesabu katika mema yangu. Niliwahi hata kuwasimulia wahadhiri vijana, bila kutaja jina, nikiwaonyesha jinsi mtu anavyojizuia. Hakuna aliyeniuliza yule binti alifikia wapi na toni zake, na mimi sikujiuliza.

Pendekezo la mwanafunzi wangu wa uzamili limepitishwa. Amekwama katika sura ya tatu, kwa kuwa anataka kutafsiri "Tachibana-san" nami sina neno la kumpa. Kwa sasa tumekubaliana aliache kama lilivyo. Vitabu vyake kumi bado viko mezani kwangu. Daftari la 2003 nalikumbuka vizuri zaidi kuliko ningependa. Nilimpa alama 78, kwa wino mwekundu, na chini yake, mahali ambapo kwa desturi huandika maoni yangu juu ya kazi, niliacha mistari mitano mitupu.