Mchagua jembe si mkulima?

Wazee wetu walisema: Mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli mara nyingi, kwa maana mvivu hakosi kisingizio. Lakini sisi, baba na mama wa nyumba moja hapa Lubumbashi, tulilitumia vibaya juu ya mtoto wetu. Leo twataka kuwasimulia jambo hilo, ili nanyi msijikwae pale tulipojikwaa sisi.

Binti yetu ana miaka 15. Katika fanfari ya masomo yake alipewa klarineti ya besi. Labda wengine kati yenu hamjaiona. Ni ndugu mkubwa wa klarineti ya kawaida: sauti yake yashuka chini oktava moja nzima, shingo yake ya chuma imepindwa, na kengele yake ya chuma yatazama juu kama kiko. Adolphe Sax, fundi Mbelgiji mzaliwa wa Dinant, aliitengeneza upya akaipatia hati mwaka 1838, kabla ya kutunga saksofoni. Kazi yake katika fanfari ni kama kazi ya besi katika kwaya: ikiwapo, wachache waisikia; ikikosekana, wote waona nyumba haina msingi.

Chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kutumiwa miaka mingi, na kidomo chake kilikuwa kimevunjika ncha. Kidomo ni kile kipande cheusi anachokitia mpigaji kinywani. Upande wake wa chini hufungwa utete, ubao mwembamba wa tete kavu. Pumzi ikipita kati ya hivyo viwili, utete hutetemeka, na hapo ndipo sauti yote huzaliwa. Ncha ya kidomo ikimeguka hata kidogo tu, chombo hulia kama mlango usiotiwa mafuta.

Basi, tukasema: Tumnunulie kidomo kipya. Nalo lilikuwa shauri jema. Lakini hatukumwuliza mtu anayejua, wala hatukumwuliza mtoto mwenyewe. Tulimwandikia shemeji yetu aliye Ulaya: «Tununulie kilicho bora kupita vyote.» Shemeji akatii. Akauliza wapigaji hodari wa jazi hupenda kidomo cha namna gani, akanunua cha namna hiyo, na tete za namba tatu na nusu. Bei yake ilipita minervali ya miezi mitatu. Kilipofika, tuliwaonyesha majirani kwanza, kisha tukampa mtoto. Hapo mngeweza kujua tulikuwa tumemnunulia nani.

Majuma ya kwanza binti alijitahidi. Kila jioni tulisikia pumzi nyingi na sauti kidogo. Noti za chini zilitoka kama mtu anayekohoa, na zile za juu hazikutoka kabisa. Mdomo wake wa chini ukafanya kidonda. Siku moja akasema: «Baba, Mama, kidomo hiki kinanishinda. Naomba mnirudishie kile cha zamani.» Nasi tukajibu, tena kwa ukali, neno lile la wazee: Mchagua jembe si mkulima. Tukamhesabia gharama. Tukamwambia kwamba wenzake wangefurahi kupata kitu kama hicho.

Hakujibu. Alifunga chombo ndani ya sanduku, akalisukuma chini ya kitanda. Majuma mawili hatukusikia sauti. Kisha akatuambia polepole kwamba hana kipawa, afadhali nafasi yake apewe mwingine. Neno hilo lilituumiza, kwa maana tulimjua mtoto huyu tangu utoto: hakuwa mtu wa kuacha kazi.

Kuna mzee mmoja, mpigaji wa klarineti tangu ujana wake, ambaye husaidia watoto wa fanfari siku ya posho. Tulimwendea, tukitumaini kwamba atamwonya mtoto. Yeye hakumwonya. Aliomba kuona kidomo, akakiinua kwenye nuru, akatazama utete, kisha akatuuliza sisi: «Nani aliyechagua?» Tukanyamaza.

Mzee akatueleza kwa saburi. Kati ya ncha ya kidomo na ncha ya utete kuna uwazi. Katika klarineti ya kawaida uwazi huo ni karibu milimita 1. Katika klarineti ya besi ni karibu milimita 2. Mafundi wengine huupanua, wengine huubana, na hata sehemu ya kumi ya milimita kinywa chaisikia. Uwazi mpana hutoa sauti kubwa, na mpigaji aweza kuipinda atakavyo. Lakini wataka midomo iliyozoea kazi miaka mingi, pamoja na utete laini. Uwazi mwembamba hauchoshi sana na hukubali utete mgumu zaidi, ila sauti yake huwa ndogo. Kwa mwanafunzi chafaa cha katikati, na utete wa namba mbili au mbili na nusu. Sisi tulimpa mtoto uwazi mpana kupita kiasi, na utete mgumu juu yake. «Mmemvika viatu vya askari,» akasema mzee, «tena mmevitia mawe ndani.»

Siku ya posho iliyofuata akaleta vidomo vitatu vya kuazima. Pamoja na chetu vikawa vinne. Kwanza alivikagua: ncha isiwe na pengo, na ule uso unaolaliwa na utete uwe sawa kama kioo. Akatazama pia kama kila kimoja chaingia vema katika shingo ya chombo, kwa maana vipimo vya mafundi havilingani. Kisha akampa binti utete mmoja laini wa kutumia kwenye vyote vinne, ili apime vidomo, asipime tete. Akatugeuza wote, tutazame ukuta, tusijue anapiga kipi.

Binti alipiga noti ndefu ya chini kabisa, kwa sauti ndogo. Akapanda polepole hata kuvuka mahali pale ambapo sauti hubadilika kutoka ya chini kwenda ya juu. Akapiga noti fupifupi kwa ulimi. Mwisho akapiga pamoja na klarineti ya mzee, tusikie kama zapatana. Kidomo cha tatu kilipoanza, sisi wawili tulitazamana. Noti ya chini ilitoka nzima, nene, bila kikohozi, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu. Tulijua kwamba mtoto ana kipawa, na kwamba ni sisi tuliokuwa tumekiziba.

Kilikuwa kidomo cheusi cha eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa, cha namna wanayopewa wanafunzi. Tulinunua cha namna hiyo hiyo, na bei yake haikufika nusu ya kile cha kwanza. Binti hukiosha kwa maji ya vuguvugu wala si ya moto, na hakiachi juani, kwa sababu joto huweza kukipinda. Kile cha bei kubwa tumekiweka kabatini. Si kibaya, chamngoja mpigaji wake, na labda siku moja atakuwa yeye.

Jioni ile tulimwita binti tukamwomba radhi. Kwetu si desturi nyepesi, baba na mama kumwomba radhi mtoto wao. Alilia kidogo, akaenda kuvuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Ndugu wazazi, mtoto akilalamika juu ya chombo chake, msikimbilie methali kama sisi. Shikeni chombo kwanza, mkakitazame. Ulizeni mtu anayejua. Kisha msikilizeni mtoto, kwa maana midomo ni yake na pumzi ni yake. Jembe la mtu mzima mikononi mwa mtoto halilimi, lamwumiza tu.

Fanfari ilipopiga siku ya kutoa matokeo, watu walitazama matarumbeta na ngoma. Hakuna aliyemtazama binti yetu, ameketi nyuma na chombo chake kirefu. Sisi tulifumba macho, tukaisikiliza besi.